Mdogo wangu ana skizofrenia, sauti zimetulia ila kazi hazikai. Haya mazoezi ya akili yanasaidia kweli?

dada_wa_Kihonda

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba mawazo hasa kwa wenye uzoefu au wataalamu, aliyekuja kucheka naomba apite tu.

Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 27. Alianza kuumwa akiwa mwaka wa pili chuo anasoma uhasibu, mwanzoni tulidhani ni bangi, mara tukaambiwa karogwa, tukazunguka kwa waganga na kwenye maombezi karibu mwaka mzima mpaka hela ikaisha ndo tukafika hospitali tukaambiwa skizofrenia. Sasa hivi ana miaka mitatu kwenye dawa, anachoma sindano kila mwezi na vidonge anakunywa mwenyewe bila kusukumwa, sauti zimetulia, hagombani na mtu. Ukimuona kwa nje utasema kapona.

Tatizo ni kichwa. Yaani namtuma kwa Mangi hapo mtaa wa pili na elfu kumi, nunua sukari kilo, mafuta robo lita na vocha ya buku, anarudi na sukari anasimama mlangoni ananiangalia, najua hapo anatafuta kilichobaki na hakioni. Ukiongea nae haraka anapotea katikati. Na huyu ndo alikua anapiga hesabu za kikoba cha mama kwa kichwa, bila kalkuleta.

Mjomba alimchukua dukani kwake anauza vifaa vya ujenzi, alidumu siku nane. Fundi kaagiza misumari kilo tano ya inchi tatu, yeye kapima ya inchi nne. Siku ingine wateja watatu wakaongea kwa pamoja akaganda kabisa mkono uko kwenye mizani. Mjomba hakumfokea ila alinipigia simu akasema mama, mrudishe nyumbani kwanza apone vizuri. Toka siku hiyo dogo kila asubuhi anavaa shati la kazini anakaa kibarazani mpaka mchana. Juzi kaniambia dada mimi nataka kazi hata ya kufagia.

Sasa kuna ndugu kwenye grupu la familia katuma magemu ya simu ya kunoa akili, anasema huko nje wagonjwa wanafanyishwa mazoezi ya ubongo kwenye kompyuta mpaka wanarudi kazini. Ni kweli au biashara za watu? Na je tusubiri apone kabisa ndo atafute kazi? Na mwajiri aambiwe au tufiche?

kamanda_msoto

Pole sana dada. Mimi ningekushauri muache apumzike, jirani yetu alilazimishwa kazi ya ulinzi akiwa na hali hiyohiyo haikufika miezi miwili karudi wodini. Hawa watu wanataka utulivu, presha ya kazi ni sumu kwao. Mtafutie kuku afuge bas, maisha yaende.

nesi_wa_zamu

Dada wa Kihonda mimi ni muuguzi wa afya ya akili, sitasema kituo gani. Hiyo picha ya mtu kasimama mlangoni na sukari mkononi ningeipeleka darasani nifundishie, maana ndo yenyewe.

Watu wengi wanajua skizofrenia ni sauti na kuona vitu. Kuna upande wa pili hauna kelele, unakula umakini, kumbukumbu ya muda mfupi, spidi ya kufikiri na uwezo wa kupanga kipi kianze kipi kifuate. Mara nyingi huu unaanza kabla hata ya sauti, ukikaa vizuri na familia ukawauliza utasikia "kweli matokeo yake yalianza kushuka kabla hajaanza kuongea peke yake". Dawa zetu zinazima sauti vizuri tu, ila huku kwenye kumbukumbu hazifanyi makubwa. Kwaiyo mjomba akisema "apone vizuri kwanza" anaweza kusubiri miaka kumi, kwasababu anachokisubiri hakiletwi na sindano.

Kabla ya gemu lolote nenda kliniki na vidonge vyote anavyokunywa uviweke mezani. Wengi wanaochoma sindano wanapewa na dawa ya kuzuia kutetemeka, ile benzhexol, wengine mnaijua kama Artane. Inasaidia mikono na kukakamaa lakini yenyewe inajulikana kupunguza kumbukumbu, na kuna wagonjwa wanaendelea nayo miaka wakati hakuna aliyewahi kuuliza kama bado wanaihitaji. Muulize daktari kama dozi inaweza kupunguzwa. MUULIZE, msimwachishe nyumbani, nimeshapokea usiku kijana shingo imepinda kwasababu kaka yake alisoma kitu mtandaoni. Uliza na usingizi, uliza na saa anazokunywa vidonge.

Mazoezi ya akili sio utapeli, yamefanyiwa utafiti miaka mingi. Mwaka 2011 Til Wykes na wenzake London walikusanya tafiti 40 zenye watu zaidi ya 2000, wakakuta yanasaidia kwa kiasi cha kati, muujiza hapana. Cha kukusaidia wewe ni hiki: kwenye maisha ya kila siku yalisaidia zaidi pale mgonjwa alipokua anapata na huduma nyingine za kumrudisha kwenye shughuli, na pale mkufunzi alipomfundisha mbinu za kukumbuka badala ya kumuacha abonyeze tu. Mtu akikaa peke yake na gemu la simu miezi mitatu anakua bingwa wa lile gemu. Mafuta ya Mangi atasahau vilevile.

dada_wa_Kihonda

Asante sana nesi. Hiyo ya kuzuia kutetemeka anakunywa, mbili kwa siku, na hakuna aliyewahi kutuuliza kitu, tunapewa tu na karatasi ya kurudi mwezi ujao. Jumatano ndo kliniki nitaenda nazo zote.

mtanga_ughaibuni

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mtu wa Tanga ila niko Uingereza na bahati nzuri hii ndo kazi yangu kabisa, nimeajiriwa kwenye timu ya afya ya akili kazi yangu moja tu kuwatafutia watu kazi na kuwasimamia wakishaipata. Sio daktari, sitoi dawa.

Mfumo tunaoutumia unaitwa IPS (Individual Placement and Support), ulianzia New Hampshire Marekani mwanzoni mwa miaka ya 90, Robert Drake na Deborah Becker ndo walioutengeneza. Wazo lake ni kinyume kabisa na alichosema mjomba. Zamani hata huku mgonjwa alikua anapelekwa karakana anabandika bahasha miaka mitano anaambiwa anajiandaa, kazi yenyewe haiji mpaka anazeeka. Hawa wakasema hapana, mtu akisema nataka kazi hicho ndo kigezo pekee, hakuna kuangalia ana dalili kiasi gani au kafeli mara ngapi, ndani ya mwezi mmoja uwe umeshaenda kuonana na mwajiri, kazi iwe ya kweli yenye mshahara wa kweli na iwe anayoipenda yeye, alafu mafunzo yanafanyika akiwa humohumo kazini. Na huachi kumfuatilia, mimi nina watu wasiozidi 20 na kuna mmoja nipo nae mwaka wa nne sasa.

Bro kamanda kuhusu kurudi wodini, hilo limepimwa. Kuna utafiti wa 2007 ulifanyika miji sita, London, Ulm, Rimini, Zurich, Groningen na Sofia, wagonjwa 312, nusu wakapewa mtu kama mimi nusu wakapelekwa huduma za mafunzo za kawaida za mji wao. Waliofanya kazi walau siku moja ni 55% upande wa IPS na 28% upande wa pili. Waliolazwa tena ni 20% upande wa IPS na 31% upande wa mafunzo. Yaani waliotafutiwa kazi haraka ndo walilazwa kidogo. Jirani yako alipewa kazi ya ulinzi ya USIKU, usingizi ukaharibika, na nina uhakika hakuna aliyekua anapita kumuona. Hapo tatizo sio kazi.

Sasa dogo wa dada yupo kwenye kundi lile la waliofeli hata baada ya kupewa nafasi, na hapo ndo mazoezi ya akili yanapoingia. Kuna programu inaitwa Thinking Skills for Work, ya Susan McGurk na Kim Mueser Marekani. Mtu anakaa kwenye kompyuta vipindi 24 hivi vya mazoezi ya umakini na kumbukumbu, ila pembeni kuna mkufunzi anaemuuliza "hapa umekwama, kazini huwa unakwama wapi kama hivi?", alafu wanatafuta njia ya kuzunguka, na yule wa kutafuta kazi anapewa taarifa. Mwaka 2015 waliijaribu kwa watu 107 ambao huduma ya kazi peke yake ilikua haijawasaidia. Walioongezewa mazoezi 60% walipata kazi, wasioongezewa 36%. Ukiangalia vizuri nusu ya ile programu haipo kwenye kompyuta, ipo kwenye kupanga kazi upya.

Mfano wa kwangu. Kijana anapanga bidhaa supamaketi, meneja mtu mzuri tu ila anaongea huku anatembea, maagizo manne kwa mkupuo, toa yale maboksi, peleka maziwa, futa pale, alafu njoo uniambie. Kijana anafanya la kwanza anasimama. Meneja akaandika "hajitumi". Nilikaa nae kantini dakika 20 tukakubaliana: agizo moja, kijana analirudia kwa sauti, analimaliza, anarudi kuchukua la pili. Wiki ya kwanza meneja alilalamika anapoteza muda, wiki ya tatu akawa anawaambia na wengine warudie maagizo maana makosa ya stoo yalipungua.

Kwaiyo dada, ile siku ya misumari, nani alimuonyesha tofauti ya inchi tatu na nne? Aliishika mkononi au alitajiwa tu?

dada_wa_Kihonda

Umenigusa. Hakuna aliyemuonyesha. Alikabidhiwa duka siku ya kwanza saa mbili asubuhi, mjomba akaenda kufuata saruji.

cherehani_na_mimi

Naomba niongee kama mgonjwa maana hapa tunazungumziwa sana. Nina bipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana, toka 2009, nimelazwa mara nne, nimefukuzwa sehemu mbili, moja walinifukuza siku ileile niliyopeleka karatasi ya hospitali kuombea ruhusa ya kliniki. Sasa hivi ni fundi cherehani, fremu tupo wawili, mwaka wa sita huu.

Kumbukumbu yangu mbovu hadi leo. Nilichofanya nimeacha kuitegemea. Nikimpima mteja nasema kwa sauti, kifua 38, kiuno 32, mteja anajua ni mbwembwe zangu za kifundi kumbe najisaidia. Alafu naandika kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe upande wa ndani, siandiki kwanza kwenye daftari, kwasababu kati ya mteja na daftari hapo katikati ndo namba inapotelea. Daftari nimelifunga kamba shingoni ni la tarehe za kuchukua nguo na za sindano tu. Simu inalia alamu saa moja jioni ya dawa, mwanzo nilikua nakunywa saa nne usiku nikawa naamka kama nimebeba zege kichwani mpaka saa tano, daktari akanisogezea mapema asubuhi ikawa nyepesi. Hivi vyote hakuna aliyenifundisha nimeviokota mwenyewe na nimeharibu magauni ya watu sio chini ya kumi nikiwa navitafuta, kwaiyo kama kuna programu inafundisha hivi vitu wiki ya kwanza wallahi ningeilipia.

Kuhusu kusema au kuficha: mwenzangu wa fremu anajua, wateja hawajui. Na sikumwambia "nina ugonjwa wa akili", nilimwambia ukiona sijalala siku mbili na naongea sana na nataka kununua cherehani tatu kwa mkopo, mpigie mke wangu. Kapiga mara moja tu, 2021, na niliwahi kliniki sikulazwa.

Alafu lingine mkuu kamanda, usitupangie kuku kila saa. Mwingine anaogopa kuku.

kamanda_msoto

Hahaha sawa mkuu nimekupata, yaishe. Ila bado mnaongea mambo ya Ulaya. Huyo afisa wa kutafutia watu kazi hapa Bongo yuko wapi? Graduate mzima mwenye akili zake yupo kijiweni miaka minne, nani atamuajiri mgonjwa?

mama_wa_Nakuru

Kamanda swali lako ni halali. Huku kwetu Kenya pia kazi za kuajiriwa ni chache, kwa hivyo mtu akiiga ule mfumo wa Uingereza neno kwa neno atakwama. Lakini wazo la dawa na riziki kwenda pamoja limefika Afrika Mashariki zamani. BasicNeeds, ile iliyoanzishwa na Chris Underhill mwaka 2000, ilifanya kazi Kenya, Uganda na Tanzania kwa njia hiyo, matibabu karibu na watu, vikundi vya wagonjwa na walezi, halafu biashara ndogo.

Mimi ni mlezi, binti yangu yuko kwenye kikundi kama hicho. Na kuku mnaowacheka ndio walitufunza. Kikundi kilipata vifaranga, kila mtu hamsini, na wengi walikufa kwa kideri. Si uvivu. Chanjo ya kideri inarudiwa kila miezi mitatu na hakuna aliyekumbuka tarehe! Mmeona? Hata ufugaji ni kazi ya kumbukumbu. Sasa tuna kalenda moja kubwa kwenye ukuta wa kanisa, siku ya chanjo imezungushwa kwa kalamu nyekundu, na watu wawili wawili wanakumbushana. Msimu uliofuata binti yangu alipoteza watatu tu. Huyo mtu wa kufuatilia ambaye Mtanga anamtaja, kwetu ni mama mmoja wa kikundi anayejua kupiga simu na kusumbua.

nesi_wa_zamu

Mama wa Nakuru hilo la kalenda naiba.

Kamanda, hapa kwetu kitu hakijakosekana kabisa, kimelala. Lutindi kule milima ya Usambara wagonjwa wameshika majembe na useremala toka enzi za Wajerumani, na Muhimbili wana kijiji cha Vikuruti kwa ajili ya watu kujifunza kurudi kwenye shughuli. Shida ni pale mtu anapotoka getini, shughuli inabaki kule yeye anarudi kwao kukaa kibarazani.

Na kuna sheria watu hawaitumii. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea, 3% wawe watu wenye ulemavu. Wengi wakisikia ulemavu wanawaza kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe, ila tafsiri ya ulemavu kwenye ile sheria inagusa na akili. Kuna na ile 10% ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba, 4% wanawake, 4% vijana, 2% wenye ulemavu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ukizungushwa rudi tena. Sisemi ni rahisi, nimeona familia inarudishwa mara tatu kwa kukosa mhuri.

Ila kwa dogo wa dada mimi ningeanza na duka la mjomba. Mwajiri anaekupenda tayari unae, kilichokosekana ni mtu wa kukaa katikati yao.

mtanga_ughaibuni

Naunga mkono nesi. Dada, mtu wa katikati ni wewe. Nenda dukani SIKU MOJA kabla yake, simama nyuma ya kaunta saa mbili hivi, andika kila anachofanya muuzaji mpaka cha kijinga. Alafu chagua viwili ambavyo dogo anaviweza. Vingine viache.

dada_wa_Kihonda

Wakuu narudi na mrejesho, wiki tano zimepita samahanini kwa ukimya.

Kliniki daktari kapunguza ile benzhexol ikawa moja, kasema tutaangalia mwezi hadi mwezi. Mikono inatetemeka kidogo akishika kikombe ila anaongea haraka kuliko mwanzo, labda ni mimi naona ninachotaka sijui.

Dukani nilienda nikasimama nyuma ya kaunta kama Mtanga alivyosema, mjomba akanishangaa. Nikaandika nikajaza kurasa mbili! Kumbe kuuza msumari kuna hatua tisa, kusikia, kurudia, kuchukua boksi, kupima, kufunga, kutaja bei, kupokea, chenji, kuandika. Na wakati huohuo simu inaita. Nikamwambia mjomba huyu apime na kufunga tu, hela ushike wewe. Akakubali kwa shingo upande.

Kwenye kila boksi tumegundisha msumari mmoja kwa nje na gundi, na namba kubwa ya inchi kwa maka peni. Fundi akisema inchi tatu dogo anarudia kwa sauti alafu analinganisha. Anaanza saa tano asubuhi anatoka saa nane kabla duka halijafurika. Mjomba anampa elfu tatu kwa siku na chai. Wiki ya pili alikosea mara moja, binding waya, na aligundua mwenyewe mteja akiwa bado mlangoni akamkimbilia. Mjomba sasa hivi na yeye anaangalia ile misumari ya nje, anasema macho yamezeeka.

Gemu la simu bado anacheza jioni, kapenda, ila tukimaliza tunaongea kile cha Mtanga, leo dukani ulikwama wapi.

Jana nimemtuma kwa Mangi vitu vitatu vilevile. Alikua anavitaja njia nzima namsikia mpaka kona ya msikiti. Karudi na sukari, mafuta na vocha. Vocha ya mtandao mwingine, yeye mwenyewe ndo wa kwanza kucheka.

cherehani_na_mimi

Hiyo vocha nitumie mimi dada, nipo mtandao huo 😂